Madaftari mawili ya mpiga picha

Swali: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya mjini Tororo, Uganda, nina umri wa miaka 29. Miaka mitatu iliyopita nilinunua kamera iliyokwisha kutumika, na siku zangu za mapumziko hupiga picha za watu, za soko na za barabara ya kwenda Malaba. Mwezi wa Januari niliandika malengo matatu nikayabandika ukutani: kununua kamera kubwa ya kitaalamu, kufikisha wafuasi 10,000 mtandaoni, na kuacha uuguzi ifikapo Desemba ili niishi kwa picha. Sasa ni Oktoba na sijatimiza hata moja, na siku hizi hata kuishika kamera naona uvivu. Hata hivyo watu wananiita kwenye arusi na kwanjula (sherehe za kutambulishana familia kabla ya ndoa), na mmoja ameniahidi shilingi 400,000 kwa kazi ya mwezi ujao. Je, malengo yangu ni makubwa mno, au uwezo wangu ndio mdogo?

Jibu: Dada yangu, malengo yako si makubwa, na kuhusu uwezo wako siwezi kusema neno kwa sababu hakuna lengo hata moja kati ya hayo matatu linalohusu picha. La kwanza ni manunuzi. La pili limo mikononi mwa watu usiowajua na mwa mtambo unaoamua nani aonyeshwe nini leo na nani asionyeshwe. La tatu ni tarehe ya kuondoka mahali, bila kusema ukifika huko uendako utakuwa unafanya kazi gani kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Mtu angeweza kuyatimiza yote matatu, akafika Desemba na kamera mpya, wafuasi tele na barua ya kuacha kazi, na bado asiwe na picha moja ambayo yeye mwenyewe angependa kuitazama mara ya pili. Kwa hiyo uvivu unaousikia unapoishika kamera sioni kuwa ni uvivu. Umeitwika kamera mzigo wa kukutoa kazini, nayo kila ukiitazama inakukumbusha kuwa hujatoka.

Nilijifunza kazi hii Bombo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika studio ya chumba kimoja iliyokuwa na pazia la buluu nyuma na benchi la wateja mbele. Fundi aliyenifundisha alikuwa na madaftari mawili. Moja lilikaa kwenye droo ya pesa, na ndani yake mliandikwa jina la mteja, amana aliyoweka, salio, na siku ya kuchukua picha. La pili lilikaa kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha, na ndani yake aliandika mambo ya picha tu: mkanda wa ngapi, mwanga ulikuwaje, alikosea wapi, nini kilimpendeza. Mkanda ulikuwa na picha 36, na kila picha iliyoharibika ilikuwa pesa iliyomwagika, lakini sikumwona hata siku moja akiandika hasara hiyo katika daftari la chumba cha giza. Nilipomwuliza kwa nini asitumie daftari moja, akanijibu kwamba yale madaftari hayaelewani, na ukiyaweka pamoja moja litalimeza lingine. Nilikuwa kijana, nikadhani ni ukaidi wa wazee. Ilinichukua miaka kama kumi kuelewa alichosema, na ndicho hasa ninachotaka kukuambia leo: upigaji picha wa ridhaa na upigaji picha wa kulipwa hupimwa kwa vipimo tofauti, na mtu anaweza kuvifanya vyote viwili maisha yake yote, mradi asikiache kimoja kikae kiti cha hakimu juu ya mwenzake.

Nianze na daftari la chumba cha giza, maana ndilo ambalo wewe umeliacha likafungwa.

Lengo la picha linafaa kuwa jambo ambalo unaweza kulifanya kwa miguu na macho yako mwenyewe, na ambalo mwishoni litakuachia kitu cha kushika mkononi. Umetaja barabara ya Malaba, nami ningeishia hapo hapo. Ile foleni ya malori yanayosubiri mpaka wa Kenya, madereva wanaolala chini ya tela, wanaopika chai kwenye jiko dogo pembeni mwa gurudumu, wauza ndizi na maji wanaowajua madereva kwa majina, vijana wa boda wanaofanya kazi ya kupeleka nyaraka: hayo yote yako umbali wa safari fupi kutoka nyumbani kwako, unazungumza lugha yao, na wageni wanaokuja na kamera za bei mbaya hawawezi kukaa nao kama wewe. Badala ya kusema "nitakuwa mpiga picha bora", andika hivi: kuanzia sasa hadi Juni nitakwenda Malaba siku mbili kila mwezi, na mwishoni nitakuwa na picha 20 zilizosafishwa kwenye karatasi, zinazoweza kukaa pamoja juu ya meza bila moja kuionea haya nyingine. Hilo halimhitaji mfuasi hata mmoja.

Nasisitiza karatasi, na si kwa sababu ya uzee wangu. Kwenye simu picha 200 zinapita kwa kidole katika dakika tatu, na kila moja inaonekana nzuri kwa sababu haikai. Chukua 40 unazozipenda, zisafishe kwa ukubwa ule mdogo wa bei rahisi katika studio yoyote ya mjini, zitandaze mezani, kisha mwite mtu asiyejua lolote kuhusu kamera, mama mkwe au mlinzi wa zamu ya usiku, umwombe aondoe nusu. Usimweleze chochote. Utashangaa kwamba picha uliyoihangaikia kwa saa nzima juu ya mti itaondolewa ya kwanza, na ile uliyoipiga bila kufikiri itabaki hadi mwisho. Lifanye hilo kila miezi miwili, uandike daftarini zilizobaki zina nini ambacho zilizoondoka hazina. Ukitaka mwalimu wa bure, ndiye huyo.

Kuna mfano wa hapa kwetu unaoonyesha kwa nini nasema fungu la picha na si picha moja moja. Sarah Waiswa, aliyezaliwa Uganda na anayefanyia kazi zake Kenya, alisoma sosholojia na saikolojia, na mwaka 2016 alishinda tuzo ya wagunduzi katika tamasha la picha la Arles, Ufaransa. Alishinda kwa mfululizo wa picha za mwanamke mwenye ualbino zilizopigwa Kibera, Nairobi. Ukizitazama unaona kwamba aliyezipiga alikuwa na swali moja moyoni, swali la mtu kuwa mgeni mahali alipozaliwa, na akalifuata kwa subira kutoka fremu hadi fremu. Kamera kubwa haiwezi kumpa mtu swali la namna hiyo. Wewe unayeshinda na wagonjwa huenda unalo tayari, ingawa hapa sina budi kukuonya: usiwapige picha wagonjwa wako. Hata kama wamekubali kwa kichwa, mtu aliyelala kitandani hana nguvu ya kumkatalia muuguzi wake, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kwa watoto inataka idhini ya mzazi au mlezi. Acha kamera nyumbani unapokwenda zamu.

Huko Malaba nako kuna adabu yake. Mtafute mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa eneo hilo, msalimie, mweleze unachofanya na umwonyeshe picha kadhaa, kwa sababu siku mtu atakapouliza "huyu mwanamke ni nani anayetupiga picha" utahitaji mtu wa kujibu kwa niaba yako. Usielekeze lenzi kwenye geti la mpaka, ofisi za forodha wala askari. Na madereva uliowapiga wapelekee nakala. Dereva aliyepokea picha yake mara moja atakutambulisha kwa wenzake kumi, jambo ambalo kadi ya biashara haijawahi kunifanyia.

Ndani ya daftari hilo andika pia mwanga, kwa sababu mwanga wa kwetu haufanani na ule unaoelezwa katika mafunzo ya mtandaoni. Wanakwambia upige katika ile saa ya dhahabu kabla ya jua kuzama, nao wanaishi kwenye nchi ambazo jua huteremka kwa mshazari na kukawia kwenye upeo. Tororo iko chini ya nyuzi moja kaskazini ya ikweta, na jua letu hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Mwanga laini unaoutaka unaanza takribani saa kumi na mbili kasoro robo jioni na kwisha mapema, na ukichelewa kwa kutafuta betri umekosa. Mchana nako, kuanzia saa tano hadi saa tisa, jua likiwa utosini, macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Hapo usipigane nalo, mwingize mtu kivulini. Ubavuni mwa lori kuna kivuli kizuri kuliko studio nyingi nilizofanyia kazi.

Nikupe mfano mmoja wa jinsi ya kuandika, kutoka daftari langu mwenyewe. Jumamosi, kwanjula, saa nane mchana. Upande wa mume wanaingia kwa mstari, wanaume kumi na wawili wenye kanzu nyeupe na makoti meusi, chini ya hema la buluu. Picha ya kwanza: kanzu zimetoka za kijivu, nyuso hazionekani kabisa. Sababu yake ni kwamba kamera, inapopima mwanga, hudhani kila kilicho mbele yake kina ung'avu wa wastani, ule wa kijivu kinachoakisi takribani asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Ikiona kanzu nyeupe kumi na mbili inafikiri mwanga umezidi, inaupunguza, na anayelipa gharama ya makosa hayo ni uso mweusi ulio juu ya kanzu. Niliongeza mwanga kwa kiasi cha stopu moja, yaani mara mbili, nikapima tena kwenye shavu la mzee wa mbele, nyuso zikarudi, na kanzu zikabaki nyeupe zenye mikunjo. Lakini hema la buluu lilikuwa limewapaka watu wote rangi yake, midomo ikawa kama ya watu waliotoka mtoni wakati wa baridi. Nikapiga kwa faili ghafi za RAW ili niweze kurekebisha rangi baadaye, na kila nilipoweza nikamwomba msemaji asogee hatua mbili kuelekea ukingo wa hema ambako mwanga mweupe ulikuwa ukiingia. Mwishoni nikaandika: "Mara nyingine fika saa moja mapema, uulize hema ni la rangi gani." Maneno hayo machache yamenifaa kuliko lenzi mbili nilizonunua mwaka uliofuata. Na usidhani tatizo la ngozi zetu ni la juzi: kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilizipatia maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, na mitambo ikarekebishwa ili yeye apendeze. Sisi tulijifunza kusahihisha kwa mkono.

Sasa daftari la droo ya pesa. Hapa lugha inabadilika, na mimi nitakuwa mkavu kidogo.

Umeahidiwa shilingi 400,000. Kabla hujafurahi, tupige hesabu, kwa viwango ambavyo wewe utavibadilisha kulingana na bei za Tororo. Msaidizi wa kushika flashi na kulinda mkoba, 60,000. Teksi na boda kwenda na kurudi, wewe na msaidizi, 40,000. Albamu na picha ulizoahidi kusafisha, 120,000. Umeme, bando la intaneti na chakula, 15,000. Kisha kuna gharama ambayo wapiga picha wengi hawaiandiki kamwe, nayo ni uchakavu wa kamera. Shata ya kamera ni chuma kinachofunguka na kufunga, nacho kina umri. Tuseme kamera yako ina thamani ya shilingi 3,000,000 na shata yake itadumu mibofyo 100,000. Kila mbofyo ni shilingi 30, na kwenye kwanjula ukibofya mara 1,500 umetumia 45,000 bila kuziona zikitoka mfukoni. Jumla ni 280,000. Umebaki na 120,000.

Saa ulizotumia ni zipi? Kumi siku yenyewe, mbili za njiani, kumi na sita za kuchagua na kurekebisha picha, mbili za kushughulikia albamu na kuikabidhi. Thelathini. Umelipwa shilingi 4,000 kwa saa, na unajua wewe mwenyewe zamu moja ya uuguzi inakupa kiasi gani. Kazi ile ile kwa shilingi 700,000 ingekuachia 420,000, yaani 14,000 kwa saa, na jasho ni lile lile. Kwa hiyo lengo lako la kwanza la pesa liwe kujua kazi moja inakugharimu nini hadi shilingi ya mwisho, na hilo unaweza kulitimiza kabla ya mwezi ujao. Lengo la pili liwe kufanya kazi kumi zilizoandikwa namna hiyo. Baada ya kumi utakuwa na bei yako, na hutamwogopa mtu atakayekwambia kuna kijana anayefanya kwa 250,000. Mwache aende kwa huyo kijana.

Kuna mambo matatu ya kazi ya kulipwa ambayo mtandao hauyasemi kwa sababu hayapendezi kwenye picha.

La kwanza ni maandishi. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 ilipopitishwa iliweka wazi kwamba kazi iliyofanywa kwa kuagizwa na mtu, kama hakuna mkataba unaosema vingine, hakimiliki yake ni ya aliyeiagiza. Wapiga picha wengi wa hapa wanaamini kinyume chake kwa uhakika mkubwa. Maana yake ni kwamba ukitaka kuionyesha picha ya bibi arusi kwenye ukurasa wako, au kuiweka dukani kama tangazo, njia salama ni karatasi moja iliyotiwa sahihi kabla ya siku ya shughuli. Iandike kwa lugha ambayo familia itaielewa: picha ngapi, siku gani zitakabidhiwa, nani mwenye hakimiliki na wewe unaruhusiwa kuzitumia wapi, amana ya nusu, na nini kitatokea shughuli ikiahirishwa. Kwa sherehe za kwetu kuahirishwa ni jambo la kutarajia. Mwanasheria akiisoma mara moja tu, utaitumia miaka.

La pili ni nakala za akiba, na hapa nitajianika. Katika miaka ya mwanzo ya kamera za dijitali nilipiga arusi nzima kwenye memori kadi moja, nikajiona hodari. Jumatatu niliipeleka kadi hiyo kwenye kompyuta ya kukodi mjini ili nichome picha kwenye diski. Kompyuta ilikuwa imejaa virusi; kadi iliingia na faili 600 ikatoka na njia za mkato (shortcut) zisizofunguka. Nililipa pesa za watu kwa awamu tatu, na baba wa bibi arusi, ambaye tulikuwa tukikutana mara kwa mara, kwa miaka mingi alinisalimia kwa swali moja tu, "Kameramani, zile picha zimepona?" Tangu siku hiyo sifuti kadi mpaka picha ziwe mahali patatu, na mahali pamoja pasiwe ndani ya nyumba yangu. Ukiweza kupata kamera yenye nafasi ya kadi mbili, hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kubadilisha kamera kwa mtu wa arusi, wala si wingi wa megapikseli.

La tatu ni majira. Kazi za sherehe hazigawanyiki sawasawa. Desemba na Januari utaombwa mahali pawili siku moja, kisha Kwaresima inaingia na makanisa mengi hayafungishi ndoa, Ramadhani nayo Waislamu hawaozeshani sana, na mwaka mifungo hii miwili inapokaribiana unaweza kukaa wiki nyingi na kamera kabatini huku kodi ya chumba ikiendelea. Anayeacha kazi Desemba kwa sababu Desemba ilikuwa nzuri anakuwa amesoma ukurasa mmoja wa daftari. Soma kurasa kumi na mbili. Ikiwa kwa mwaka mzima kilichobaki baada ya gharama zote, kikigawanywa kwa miezi, kinafikia mshahara wako wa sasa, na ukawa na akiba ya kula miezi sita, hapo tunaweza kuzungumza juu ya kuacha uuguzi, pamoja na kusajili jina la biashara, kupata namba ya mlipa kodi ya mamlaka ya mapato, URA, na leseni ya biashara. Kabla ya hapo jibu langu ni baki kazini. Omba zamu zipangwe zikuachie Jumamosi mbili kwa mwezi. Wengi walioanza vizuri walianza hivyo.

Na inawezekana ukimaliza mwaka huo ugundue kwamba kazi ya kulipwa huitaki. Wateja watakufundisha subira, lakini watakuomba pia umfanye shangazi aonekane mwembamba, umwondoe shemeji waliyekosana naye, na urudie mkao walioona kwenye simu. Kuna watu wanaoifurahia kazi hiyo, nami ni mmoja wao, kwa kuwa napenda shughuli na kelele zake. Kuna wengine wanaokauka. Ukijikuta katika kundi la pili usione umeshindwa. Neno lenyewe, ridhaa, maana yake ni kuridhia: unafanya kwa sababu umekubali mwenyewe, hakuna aliyekutuma. Mpiga picha wa ridhaa mwenye mshahara wa uuguzi anaweza kurudi Malaba kwa miaka ishirini bila kumwuliza mtu kama picha hizo zitauzika, na mimi, mwenye kodi ya studio, siwezi.

Usidharau miaka ishirini hiyo. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, lilionyesha picha za enzi ya Idi Amin zilizotokana na negativu zipatazo 70,000 zilizokuwa zimekaa katika shirika la utangazaji la taifa. Zilipigwa na wapiga picha wa Wizara ya Habari, waajiriwa waliotumwa kila siku kwenye mikutano, mapokezi na maonyesho. Zamani hizo ilikuwa kazi ya ofisi. Nilipozitazama sikuwaza sana juu ya ufundi. Niliwaza jinsi kila picha inavyogeuka kitendawili pale usipojua ni nani, wapi na lini. Kwa hiyo ongeza mstari huu kwenye malengo yako ya chumba cha giza: kila unaporudi Malaba, usiku huo huo, kabla ya kulala, andika tarehe, mahali, na majina ya walioridhia kutajwa. Dakika kumi zinatosha.

Na kama rafiki zako watakushauri uingie mashindano ya picha, yaingie kwa ajili ya tarehe yake ya mwisho, kwa sababu inakulazimisha kuchagua picha kumi na kuzipanga. Kushinda usikuandike popote.

Wafuasi 10,000 wafute ukutani. Ukitaka namba ya kuweka mahali pake, weka idadi ya watu waliokuagiza kazi kwa sababu walioagiza kabla yao waliwaambia. Kwa mji kama Tororo, watano wa aina hiyo kwa mwaka watakuletea kazi zaidi.

Imebaki kamera. Usinunue mwili mpya sasa. Kama unayo ile lenzi ya kawaida iliyokuja na kamera, kitu kitakachobadilisha picha zako kesho ni lenzi ya milimita 50 yenye tundu pana la kuingiza mwanga, la f/1.8, ambayo kwa kamera nyingi ni miongoni mwa lenzi nyepesi na za bei nafuu. Inapokea mwanga mwingi mara kadhaa kuliko hiyo uliyonayo, na jioni ndani ya ukumbi utaiona tofauti kwenye fremu ya kwanza. Kama kamera yako ni ya sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) na unapiga zaidi mahali pa kubanana, chukua ya milimita 35. Iliyotumika inafaa, ila usiilipie kabla hujaifungua vifuniko vyote viwili, ukaielekeza dirishani na kutazama ndani yake kwa makini. Ukiona nyuzi nyembamba nyeupe kama utando wa buibui kwenye kioo, hiyo ni fangasi iliyotokana na unyevu, na muuzaji atakwambia ni vumbi tu linalofutika. Mrudishie, umuage.